Kuchagua programu ya kapu la manunuzi kwa duka dogo la mtandaoni

Mwonekano wa duka la mtandaoni unaweza kubadilishwa ndani ya siku mbili. Njia ya pesa, namna bidhaa zinavyohifadhiwa na uwezo wa kuondoka na data zako ni mambo yasiyobadilika kirahisi hivyo, lakini ndiyo ambayo wengi huyakagua mwisho, wakishavutiwa na picha kubwa na vitufe vya kupendeza. Hapa, katika kuchagua programu ya kapu (ile inayokusanya anachonunua mteja na kupokea oda na malipo yake), tunapindua mpangilio huo. Tunaanza na oda yenyewe, tunakwenda kwenye malipo, kisha gharama na majaribio. Mandhari, yaani sura ya duka, utachagua ukishamaliza.

## Andika oda tatu kwanza

Kabla ya kufungua akaunti yoyote ya majaribio, chukua karatasi uandike oda tatu. Ya kwanza ni oda ya kawaida, ile utakayoipata mara nyingi: nani ananunua, ananunua nini, analipaje, mzigo unamfikiaje. Ya pili ni oda ngumu kuliko zote ambazo uko tayari kuzipokea, mfano shati la kuchapwa jina, linalopelekwa kwa mtu mwingine kama zawadi, huku nusu ya malipo ikitangulizwa. Ya tatu ni oda iliyoharibika: mteja alinunua vitu vitatu kwa kuponi, sasa anarudisha kimoja. Oda hizi tatu ndizo mtihani utakaozipa programu zote. Orodha za sifa kwenye kurasa za wauzaji hazitakusaidia sana, maana karibu kila programu imejiwekea tiki kwenye "usimamizi wa stoku". Tofauti huonekana oda ngumu inapoingia.

Kisha hesabu bidhaa zako kwa namna programu inavyozihesabu. Shati moja lenye saizi 5, rangi 6 na mikono ya aina 2 si bidhaa moja kwenye stoku. Ni michanganyiko 60, na kila mmoja una idadi yake, namba yake na pengine picha yake. Programu nyingi zina kikomo cha michanganyiko kwa bidhaa. Shopify kwa miaka mingi iliishia michanganyiko 100, na hata baada ya kikomo hicho kupandishwa sana, aina za chaguo kwa bidhaa moja zimebaki tatu. Anayeuza samani zenye chaguo la mbao, kitambaa, urefu na miguu ameshafika nne. Maandishi ya kuchapwa, kama jina mgongoni, hayahesabiwi kuwa mchanganyiko kabisa. Ni kisanduku cha mteja kuandika, na kwenye programu kadhaa kisanduku hicho hupatikana kwa plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kulipia tu.

Ukiuza faili za kupakua, tiketi, miadi au vitu vya kupima kwa uzito, liandike hilo karatasini pia. Kapu lililobuniwa kwa vitu vinavyohesabiwa moja, mbili, tatu husumbua sana ukilitaka liuze mita 2.35 za kitambaa.

## Malipo ndiyo yanayochagua

Wengi huchagua kapu kisha hutafuta njia ya kulipwa. Fanya kinyume. Orodhesha njia ambazo wateja wako wanalipia sasa: kadi, pesa za simu, benki, taslimu mzigo unapofika. Halafu tafuta kampuni za malipo zinazoipokea biashara iliyosajiliwa nchini mwako na kuweka fedha kwenye akaunti ya benki yako. Stripe na PayPal ni majina makubwa, lakini hazifungui akaunti za wafanyabiashara katika kila nchi, na mtu huweza kumaliza kujenga duka zima ndipo agundue hilo. Ukishapata kampuni mbili au tatu zinazokufaa, ndipo uangalie ni makapu gani yana kiunganishi, yaani programu ndogo inayounganisha kapu na kampuni ya malipo, kinachofanya kazi nazo.

Kiunganishi chenyewe nacho kikaguliwe. Jua kwanza kimetengenezwa na nani: kampuni ya malipo, watengenezaji wa kapu, au mtu wa tatu aliyekiuza akaondoka. Tazama tarehe ya toleo la mwisho; kikipita mwaka mzima bila kuguswa, kiache. Jaribu kama unaweza kumrudishia mteja pesa ukiwa ndani ya kapu, bila kuingia kwenye tovuti nyingine. Baada ya hapo kuna swali linalotenganisha kiunganishi kizuri na kibaya, nalo ni hili: kapu linajuaje kwamba mteja amelipa?

Viunganishi vibovu husubiri mteja arudi kwenye ukurasa wa "asante". Sasa mteja amelipa, betri ikaisha. Au amethibitisha kwenye simu kwa namba ya siri, kisha hakurudi tena kwenye kivinjari. Pesa imetoka, oda imebaki "inasubiri malipo", na baada ya muda inafutwa yenyewe. Kiunganishi kizuri hupokea taarifa moja kwa moja kutoka seva ya kampuni ya malipo kwenda seva ya duka, awepo mteja asiwepo. Taarifa hiyo huweza kutumwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo kapu litambue kwamba oda hiyo imeshalipwa, lisipunguze stoku mara mbili. Pia lilinganishe kiasi na sarafu ya malipo na zile za oda. Lisipofanya hivyo, mjanja anaweza kubadilisha kiasi kwenye fomu, akalipa kidogo na oda ikapita kama imelipwa yote.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni desimali. Katika viwango vya ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, yeni ya Japani haina sehemu ndogo, na dinari ya Kuwait ina tarakimu tatu baada ya nukta. Mifumo mingi ya malipo hutaka kiasi kiandikwe kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Kiunganishi kinachodhani kila sarafu ina senti 100 kitazidisha kwa 100 pasipotakiwa, na mteja atatozwa mara mia. Kama sarafu yako haina senti zinazotumika, hili ni jaribio la kwanza kabisa.

Kwa kadi, kuna masharti ya PCI DSS, kanuni za usalama zinazomhusu kila anayepokea kadi, mkubwa kwa mdogo. Toleo linalotumika ni 4.0.1 la mwaka 2024. Ukubwa wa mzigo wako unategemea mahali namba ya kadi inapoandikwa. Mteja akipelekwa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, au fomu ya kampuni hiyo ikiwa imefunguka kama dirisha ndani ya ukurasa wako, kwa kawaida unajaza fomu fupi ya kujitathmini, SAQ A. Ukurasa wako ukiwa ndio unaotengeneza fomu na kutuma namba kwa kampuni, unahamia SAQ A-EP, ndefu zaidi. Namba zikipita kwenye seva yako, ni SAQ D, na hapo duka dogo limejitwika mzigo usio wake. Wizi wa mwaka 2018 kwenye tovuti ya British Airways ulifanyika kwa kuchomeka msimbo kwenye ukurasa ili unakili kadi za wateja wakati wanaandika. Tangu Machi 31, 2025, kanuni hizo zinadai udhibiti wa misimbo inayoendeshwa kwenye kurasa za malipo. Ushauri wetu ni mfupi: mpeleke mteja kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, hata kama rangi zake hazifanani na za duka lako.

## Kukodi, kusimika mwenyewe, au kupachika

Programu za kukodi, kama Shopify, BigCommerce, Wix na Squarespace, hukupa seva, masasisho na usalama kwa ada ya mwezi. Unachopoteza ni uhuru: huwezi kubadilisha kila kitu, na kampuni ikipandisha ada unalipa au unahama.

Programu za kusimika mwenyewe, kama WooCommerce, PrestaShop na OpenCart, hazina ada ya leseni, lakini unahitaji seva na mtu. WooCommerce, iliyoanza mwaka 2011, ni plagini ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti. Inafaa sana pale ambapo tayari una tovuti ya WordPress na makala zinazoleta wasomaji. Magento ni mashine kubwa, na duka la bidhaa 80 halina haja nayo. Kumbuka pia kwamba programu hizi huzeeka. Magento 1 iliachwa na waundaji wake Juni 2020, na waliokuwa bado wanaitumia walibaki bila viraka vya usalama.

Kundi la tatu husahaulika: kapu la kupachika, mfano Ecwid, ambalo unaliweka ndani ya tovuti uliyo nayo kwa kunakili mistari michache ya msimbo. Na kama unauza vitu vitatu tu, vya bei moja kila kimoja, huenda huhitaji kapu kabisa. Kampuni nyingi za malipo hukutengenezea kiungo cha kulipia ambacho unakiweka chini ya picha.

Kigezo chetu cha kuamua kati ya kukodi na kusimika hakihusu bajeti. Uliza: kuna mtu mwenye jina, anayejulikana, atakayeingia kila wiki kusasisha programu, plagini na mandhari, na kuangalia kama nakala rudufu zinarejesheka? Jibu likiwa "tutaona", kodi.

## Hesabu gharama kwa miezi 36

Ada ya mwezi ni sehemu ndogo ya gharama. Chukua miezi 36, kwa sababu ofa za mwaka wa kwanza huisha na bei ya kuongeza muda, hasa ya seva, mara nyingi huwa juu zaidi. Jumlisha ada ya programu au seva, jina la tovuti, kila plagini ya kulipia (zihesabu moja moja, nyingi hulipiwa kila mwaka), mandhari, saa za mtaalamu, ada za kila muamala, na kamisheni ya kapu lenyewe.

Kamisheni hiyo hufichika. Baadhi ya programu za kukodi hutoza asilimia yao juu ya ada ya kampuni ya malipo, hasa usipotumia mfumo wa malipo wa programu hiyo hiyo. Shopify hufanya hivyo, na asilimia hushuka kadiri unavyopanda kifurushi. Kujua kifurushi kinachokufaa ni hesabu ya kugawanya: tofauti ya ada za mwezi igawe kwa tofauti ya asilimia. Kama kifurushi kikubwa kinazidi kwa 40 kwa mwezi na kinakuondolea asilimia 2, basi 40 ÷ 0.02 ni 2,000. Ukiuza zaidi ya 2,000 kwa mwezi, kikubwa ndicho cha bei nafuu. Ukiuza pungufu, baki kidogo. Angalia pia vifurushi vinavyopanda vyenyewe mauzo ya mwaka yakivuka kiwango fulani. BigCommerce ina utaratibu huo.

Wanaouza vitu vya bei ndogo waogope ada isiyobadilika kwa kila muamala. Ada ya 0.30 kwenye bidhaa ya 5 ni asilimia 6 kabla hujagusa asilimia ya kawaida. Kwenye bidhaa ya 100 haionekani. Tena kampuni nyingi za malipo hazikurudishii ada pale unapomrudishia mteja pesa. Kama bidhaa zako hurudishwa sana, nguo na viatu kwa mfano, weka hasara hiyo kwenye hesabu.

## Usafirishaji na kodi

Taasisi ya Baymard ya Denmark, inayojumlisha tafiti za makapu yaliyoachwa, inaweka wastani kwenye takriban asilimia 70, na sababu inayotajwa sana na wanunuzi ni gharama zinazoongezeka dakika za mwisho. Kwa hiyo tafuta kapu linaloonyesha nauli mapema, kwenye ukurasa wa kapu lenyewe, kabla mteja hajaandika anwani yote.

Nauli zenyewe hukokotolewa kwa uzito, kwa eneo, kwa bei ya oda, au kwa ujazo. Huo wa mwisho ndio huwaumiza wanaouza vitu vyepesi vikubwa. Wasafirishaji wengi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000. Boksi la 60 × 40 × 30 ni sentimita za ujazo 72,000, yaani kilo 14.4 za kulipia, hata kama ndani kuna mito ya kilo 2. Kapu linalohifadhi uzito peke yake litamtoza mteja kilo 2, na kilo 12.4 utazilipa wewe. Hakikisha programu ina sehemu ya vipimo na inavitumia. Kuwa na visanduku vya kujaza haitoshi.

Kwenye kodi, amua kwanza kama bei unazoonyesha zina kodi ndani au kodi huongezwa mwisho, kisha uliweke kapu hivyo kabla ya kupakia bidhaa. Kubadilisha baadaye kunavuruga bei zote. Jaribu pia kukadirisha, yaani kufupisha desimali hadi senti kamili. Bidhaa ya 1.10 kwa kodi ya asilimia 7.5 ina kodi ya 0.0825, inayokadirishwa kuwa 0.08, bidhaa tatu zikikadirishwa mstari kwa mstari ni 0.24, lakini zikijumlishwa kwanza ni 0.25. Senti moja haiumizi, ila kapu likikadirisha namna moja na programu ya uhasibu namna nyingine, hesabu za mwezi hazitalingana na utapoteza jioni nyingi kuitafuta senti hiyo. Programu nyingi hukuruhusu kuchagua. Chagua inayofanana na ya mhasibu wako.

## Majaribio kabla ya kulipa

Chagua programu mbili, zisizidi tatu. Pakia bidhaa 20 za kweli kwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), zikiwamo zile ngumu. Faili likikataa herufi zenye alama, au michanganyiko ikigeuka kuwa bidhaa tofauti tofauti, umepata jibu mapema. Kisha fanya haya, ukitumia simu ya bei ya chini kwenye mtandao wa kawaida, kwa sababu kompyuta ya ofisini huficha matatizo.

1. Nunua kama mgeni, bila kufungua akaunti. Hesabu skrini na visanduku. Kapu linalomlazimisha mteja kujisajili kabla ya kulipa liwe na sababu nzuri sana. Weka jina lenye alama ya king'ong'o, yaani kile kikoma cha juu kwenye ng', uone kama linafika salama kwenye barua pepe na lebo ya mzigo. Acha kisanduku cha msimbo wa posta kitupu; nchi nyingi hazina misimbo hiyo, na kapu linalokilazimisha huwafanya wateja waandike sufuri tupu au waondoke.

2. Lipa, kisha funga kivinjari kabla ya ukurasa wa asante. Subiri dakika tano, angalia oda upande wa msimamizi. Inapaswa kuwa imelipwa. Rudia kwa kughairi malipo katikati, na kwa kadi inayokataliwa. Kampuni za malipo huwa na hali ya majaribio yenye kadi za uongo. Ya Stripe ni 4242 4242 4242 4242, kwa tarehe yoyote ijayo na tarakimu zozote tatu. Hali hiyo haithibitishi kila kitu, kwa hiyo malizia na ununuzi mmoja wa pesa halisi, kiasi kidogo, halafu uirudishe.

3. Simu mbili, kipande cha mwisho. Bidhaa yenye stoku 1 iwekwe kwenye makapu mawili na kulipiwa karibu kwa wakati mmoja. Hapa utajua stoku inapunguzwa lini: oda inapowekwa au inapolipwa. Kila njia ina ubaya wake. Ikipunguzwa oda inapowekwa, wasiolipa hushikilia mali yako. Ikipunguzwa baada ya malipo, watu wawili hununua kitu kimoja. WooCommerce huja ikiwa imewekwa kushikilia stoku ya oda ambayo haijalipwa kwa dakika 60, kisha huifuta oda. Kama njia yako ya malipo huchelewa kuthibitisha, dakika hizo ni chache na lazima uziongeze.

4. Oda ya tatu ya karatasi yako. Vitu vya 20, 30 na 50 kwa kuponi ya asilimia 10: mteja amelipa 90. Akirudisha cha 50, anastahili 45. Programu inayopendekeza 50 itakula faida yako taratibu bila wewe kuona. Angalia pia kama stoku inarudi, kodi inapungua, na mteja anapata risiti ya marejesho.

5. Barua pepe za oda. Zitume kwenye akaunti za Gmail, Yahoo na nyingine unayoijua. Zikiangukia kwenye takataka, tatizo mara nyingi ni rekodi za SPF na DKIM za jina la tovuti yako (zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli), ambazo kampuni hizo mbili zilianza kuzidai kwa ukali zaidi Februari 2024. Duka la kusimika mwenyewe lisitume barua kupitia seva ya tovuti. Tumia huduma maalumu ya kutuma barua pepe.

6. Lugha. Soma kila neno kuanzia kapu hadi risiti, pamoja na ujumbe wa makosa. Tafsiri nyingi hufunika kurasa za mbele na kuacha "kadi imekataliwa" kwa lugha ya kigeni, pale hasa mteja anapohitaji kuelewa.

7. Kasi. Google hupima, miongoni mwa mengine, muda ambao kitu kikubwa kwenye skrini huchukua kuonekana, na kiwango kizuri ni sekunde 2.5 au pungufu. Pima ukurasa wa bidhaa wenye picha zako halisi. Duka la maonyesho la muuzaji hupimwa likiwa limepambwa, halikuambii kitu.

Kuhusu kasi, kuna mtego kwa wanaosimika wenyewe. Plagini za kache huhifadhi kurasa zilizokwisha kutengenezwa ili zifunguke haraka. Ukurasa wa kapu, wa malipo na wa akaunti usihifadhiwe kamwe. Dalili za kosa hili ni kapu linalobaki tupu baada ya kuongeza kitu au, mbaya zaidi, mteja kuona jina na anwani ya mtu mwingine. Plagini nzuri za kache huzitambua kurasa za WooCommerce zenyewe, lakini kache ya seva na ya mtandao wa usambazaji (CDN, seva za mbali zinazohifadhi nakala za kurasa) huwekwa pengine, na huko ndiko watu husahau.

## Njia ya kutoka, kabla ya kuingia

Ukiwa bado kwenye siku za majaribio, toa data zako. Pakua bidhaa, wateja na oda, ufungue mafaili hayo uyasome. Je, michanganyiko imo? Viungo vya picha vinafunguka? Oda zinaonyesha kila kitu kilichonunuliwa au jumla tu? Maoni ya wateja mara nyingi hukaa ndani ya plagini na hayatoki pamoja na bidhaa.

Baadhi ya vitu havihami hata kwenye programu nzuri. Manenosiri ya wateja kwa kawaida hayasafiri kati ya mifumo, kwa hiyo panga kuwatumia kiungo cha kuweka neno jipya. Kadi zilizohifadhiwa kwa malipo ya kila mwezi hazipo kwako. Ziko kwa kampuni ya malipo, na ulicho nacho ni alama ya kuziita. Ukiuza kwa usajili wa mwezi, iulize kampuni hiyo kwa maandishi kama itahamisha kadi kwenda kwa kampuni nyingine. Ikikataa, siku ya kuhama utawaomba wateja wote waandike kadi upya, na sehemu yao hawatafanya hivyo. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi wala ya kampuni ya kapu.

Viungo navyo. Shopify huweka bidhaa zote chini ya /products/, na huwezi kubadilisha hilo. Programu nyingine zina mitindo yake. Ukihama, andaa orodha ya kila anwani ya zamani na mpya yake, kwa uelekezaji wa 301 (unaompeleka mtu kutoka anwani ya zamani hadi mpya moja kwa moja), ili waliohifadhi viungo na injini za utafutaji wasigonge ukurasa usiokuwepo. Kwa bidhaa 200 ni kazi ya siku moja kwenye jedwali.

## Ukishachagua

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila msimamizi, na mpe kila mfanyakazi akaunti yake. Kwa duka la kusimika, weka nakala ya pembeni ya kujaribia masasisho kabla ya kuyapeleka dukani, na rejesha nakala rudufu angalau mara moja kabla ya kufungua. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa huwezi kuitegemea. Weka pia kinga dhidi ya roboti kwenye ukurasa wa malipo. Wezi wa kadi hupenda maduka madogo kwa kujaribia namba walizoiba: utaona mamia ya malipo ya kiasi kidogo yakikataliwa ndani ya saa moja, na baadhi ya kampuni za malipo hutoza hata majaribio yaliyokataliwa. Kikomo cha majaribio kwa kila anwani ya mtandao, pamoja na kiwango cha chini cha oda, huwapunguza sana.

Wiki mbili za kwanza, linganisha kila siku safu tatu: oda zilizolipwa kwenye kapu, miamala kwenye kampuni ya malipo, na fedha zilizoingia benki. Oda iliyopo bila muamala ina maana kapu linaamini malipo yasiyothibitishwa. Simamisha utumaji wa mizigo hadi ujue sababu. Muamala uliopo bila oda ni taarifa ya seva iliyopotea, na mara nyingi chanzo ni ukuta wa usalama wa seva unaozuia anwani za kampuni ya malipo, au anwani ya kupokelea taarifa iliyobaki ya duka la majaribio. Benki ikipungukiwa, soma ratiba ya malipo na ada kabla ya kulalamika, kwa sababu kampuni nyingi hukata ada na marejesho kwanza, kisha hutuma kinachobaki kwa mkupuo wa siku kadhaa.

Programu ulizozikataa, zifute zote: ondoa kadi yako, futa anwani za wateja wa majaribio, na funga akaunti kabla siku za bure hazijaisha.